Maneno Niliyomnyima Bénita

Nisiwapotezee muda. Mimi ni mwizi. Sikuiba ng'ombe wala simu, niliiba maneno, na niliyemwibia ni mwanamke niliyempenda kuliko kitu chochote hapa duniani. Mkitaka kunihurumia, ngojeni kwanza nimalize.

Jumapili ile, saa kumi jioni, nilikuwa nimekaa sebuleni kwa Papa Bagalwa, hapa mtaani kwetu Keshero, nimevaa shati jipya ambalo mke wake, Mama Perpétue, alilisifu tangu mlangoni. Juu ya meza, simu ya binti yao Bénita ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Ndani ya simu alikuwemo Heber, mzungu wa Uruguay, fundi wa pampu za maji aliyefanya kazi Munigi miezi kumi na minne, akampenda Bénita, kisha mkataba wake ukaisha akarudi kwao. Kwao ilikuwa saa tano asubuhi. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni, na mama yake amekaa kando, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kupigwa picha ya pasipoti.

Siku hiyo Heber alikuwa anajionyesha kwa wazazi, amwombe Bénita rasmi. Papa Bagalwa akikubali, watu waanze kupanga mahari. Akikataa, mambo yaishie pale pale. Lakini Heber anaongea Kihispania, na Papa Bagalwa anaongea Kiswahili, Mashi na Kifaransa cha ofisini. Katikati yao nilikaa mimi, Florent, mkalimani.

Kihispania nilikipata kwa askari wa Uruguay wa kulinda amani, niliofanya nao kazi kambini kwao miaka tisa. Walinifundisha lugha, na walinifundisha sharti moja la kazi: mkalimani hana "yeye". Mtu akisema "mimi nina njaa", husemi "anasema ana njaa". Unasema "mimi nina njaa", tena unamtazama anayeambiwa. Mkataba wangu ulipoisha nilifungua kibanda cha fotokopi kando ya barabara, na Bénita, ambaye ni mwalimu wa Kiingereza, akawa analeta mitihani ya wanafunzi wake niitolee nakala. Miaka sita aliileta. Miaka sita nilimpenda, nikimpangia karatasi zake vizuri kuliko za watu wote.

Sikumwambia. Shangazi yangu Uwingabire aliwahi kwenda kumpeleleza Papa Bagalwa kwa mbali, na mzee akamjibu: "Yule wa fotokopi? Mutu wa kubonyeza kifungo njo atalisha mutoto wangu?" Shangazi aliniletea jibu lile lile bila kulipunguza. Nikalimeza, nikafunga mdomo wangu, na ndipo Heber akafika na pampu zake.

Walipokuwa pamoja Munigi waliongea Kiingereza, cha Bénita kizuri na cha Heber kibovu. Yeye alijua "good", "nice", "beautiful", na majina ya vyuma vya pampu. Aliporudi kwao akaanza kumtumia Bénita jumbe za sauti kwa Kihispania, ndefu, za dakika mbili, dakika tatu. Kila Jumamosi baada ya kufua, Bénita alikuwa anakuja na simu kibandani kwangu nimtafsirie.

Miezi miwili ya kwanza nilifanya kazi kwa haki. Ninasikiliza, ninamgeukia, ninasema: "Bénita, mbingu yangu, leo nimeamka nikakuona." Heber alikuwa akimpa sifa zisizokwisha. Preciosa, wa thamani. Dulce, tamu. Terca, mkaidi, na hata hilo alilisema kwa mapenzi. Cariño, tesoro, mi vida: mpenzi, hazina, uhai wangu. Yote niliyasema kwa "mimi", nikimtazama usoni, maana ndivyo nilivyofundishwa. Bénita alikuwa anaukazia macho mdomo wangu. Halafu anainamisha kichwa, anacheka kidogo, anaanza kuchezea kamba ya mkoba wake.

Nilijiambia: anamuona Heber. Hapa mimi si mtu, ni kipaza sauti tu.

Nani angevumilia? Nilianza kwa kuficha neno moja. Jumamosi iliyofuata nikaficha matano. Mwishowe Heber alikuwa anamlilia dakika mbili nzima, mimi namwambia Bénita: "Anakusalimia. Anasema kwao kuna baridi." Hata ule "mimi" niliuacha. Na Bénita akisema kwa Kiswahili, "Mwambie moyo wangu unamungojea," nilikuwa nabonyeza kurekodi, nasema kwa Kihispania: "Niko salama, asante. Kazi inaendelea." Miezi sita ya hivyo. Nilitaka wachokane polepole, bila mtu kujua nani alianza. Sikuona aibu. Aibu ilikuja baadaye, kwa wingi.

Sasa Papa Bagalwa alikohoa, akaanza.

"Florent, mwulize ule kijana. Mutoto wangu anamutakia nini?"

Nikauliza. Heber akavuta pumzi, akasema kwa muda mrefu. Alieleza siku pampu ya Munigi ilipokataa, watu wamepanga vidumu tangu asubuhi, na mwalimu mmoja akaja akamgombeza mbele ya wote kwa uzembe wake. Alisema tangu siku ile hajamuona mwanamke mwingine. Alisema ni jasiri, ni mwaminifu, ni mkaidi, ni mrembo mpaka mtu anasahau alichotaka kusema. Akamwita mi cielo, mbingu yangu, mbele ya mama yake mzazi, na mama akatikisa kichwa kukubali.

"Anasema binti yenu ni mutu wa kazi," nilisema. "Na anamupenda."

"Njo yote?"

"Njo yote, papa."

"Mutu amesema vile vyote, halafu njo yote?"

"Kihispania ni lugha ndefu, papa."

Papa Bagalwa alimgeukia mke wake. "Umesikia? Mimi nikienda kununua pikipiki ninaisifu kuliko vile. Mutoto wangu wa kwanza apande ndege kwenda kwa mutu mwenye roho ya chuma? Hapana."

"Baba Bénita, mungoje amalize," Mama Perpétue alisema taratibu.

"Amalize nini? Amesema."

Nasema ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilimuona Heber kwenye simu akimsoma mzee usoni, uso unamshuka kidogo kidogo, na sikumhurumia. Alijisogeza karibu, akasema kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu: "Florent, muulize Bénita kama aliwahi kunipenda. Miezi sita hajaniambia hata neno moja zuri. Kama hanitaki, aniambie leo."

"Anasemaje?" mzee aliuliza.

"Anauliza kama muko na swali lingine, papa."

Bénita alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka karibu na mama yake, kitenge kichwani, kimya, kama inavyompasa binti siku kama ile. Aliinua kichwa. Hakunitazama. Aliitazama simu.

"Esperame, Heber," alisema. "Cinco minutos, mi vida."

Ningoje. Dakika tano, uhai wangu. Alilisema polepole, matamshi ya mtu aliyejifunza peke yake, lakini lilieleweka. Ndani ya simu Heber alijifunika uso kwa mikono miwili, na mama yake akamshika bega.

"Umesema nini?" Papa Bagalwa aliuliza.

"Nimemuomba angoje kidogo, papa. Florent koo imemukauka, nitamupa maji." Akasimama, akakunja kitenge chake vizuri kiunoni. "Florent, kuja."

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Kando ya ukuta wa mawe meusi, jiko la mbabula lilikuwa linawaka makaa, sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zinakaangwa kwa ajili ya wageni. Bénita alichukua mwiko, akazigeuza, akanipa mgongo.

"Tangu lini unajua?" niliuliza.

"Tangu lini unaiba? Wewe njo ujibu kwanza."

"Miezi sita."

"Umejibu vizuri. Mimi ni wiki tatu." Akaendelea kugeuza samaki. "Unakumbuka ujumbe wa Pasaka? Mwishoni aliweka Kiingereza. Sweet. Brave. Stubborn. Tamu wangu, jasiri wangu, mukaidi wangu. Kiingereza hukuweza kukigusa, ulijua ninakijua. Mimi ninafundisha watoto vivumishi mwaka muzima, Florent. Nikajiuliza: mutu ametafuta vivumishi vitatu katika lugha asiyoijua, sasa katika lugha ya mama yake anakosa hata kimoja?"

Nilitazama makaa.

"Nikachukua kamusi. Kila asubuhi kabla ya shule ninasikiliza ujumbe wa zamani, neno moja, neno lingine. Nilianza na cariño, ju ilikuwa inarudi kila mara. Wiki tatu zilizopita nikamaliza zote."

"Na bado ulikuja kwangu. Jumamosi tatu."

"Nilikuja."

"Ju ya nini?"

"Kukuona ukifanya." Aligeuka sasa, mwiko mkononi, mafuta yanadondoka chini. "Ninakaa mbele yako, ninamusikia Heber akiniita hazina, halafu ninakuangalia wewe ukisema kwao kuna baridi. Huna hata haya machoni. Uko na uso muzuri sana ukidanganya, sikujua. Nikasema, acha, siku ya kujionyesha, mbele ya papa, atasema kweli. Nimekungoja mpaka leo. Heber nitamuomba musamaha maisha yangu yote, na yeye pia nimemuacha ateseke wiki tatu ju yako."

"Bénita, nilikupenda."

"Najua."

"Hujui. Miaka sita. Tangu mitihani ya kwanza uliyoleta, ile yenye karatasi ya pinki juu. Mimi nina..."

"Nimesema najua. Mwenye hajui ni wewe." Sauti yake ilipungua, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. "Zile Jumamosi za kwanza, ulikuwa unasema 'mimi'. Unaniangalia, unasema Bénita, uhai wangu, nimeamka nikakuona. Ulifikiri ninamuona nani?"

"Heber."

"Sura ya Heber nilikuwa nimeanza kuisahau. Ninafika nyumbani, mama anauliza, Heber anasemaje, mimi kichwani iko sauti yako. Niliungama kwa padri, Florent. Nilimwambia, padri, kuna mutu wa kunitumia maneno, na kuna mutu wa kunisomea, na mimi nimemupenda wa kusoma."

Nilikaa juu ya jiwe. Lilikuwa na moto wa jua na sikuinuka.

"Nilikuwa nimeshapanga namna ya kumwambia Heber anisamehe," alisema. "Nilikuwa ninangoja tu Jumamosi moja ufike mwisho wa ujumbe, uweke simu chini, uendelee. Neno moja la kwako. Moja tu. Wewe ukaanza kupunguza. Leo mbingu imetoka, kesho hazina imetoka, kesho kutwa hata 'mimi' imetoka. Nikasema basi, amechoka. Kinywa chake kimekataa kuniita vile. Nililia wiki mbili, mama akafikiri ni malaria, akaninywesha dawa."

"Sikuchoka. Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nani? Wivu wa maneno uliyokuwa unayasema wewe mwenyewe?"

Nilitaka kumshika mkono. Alirudi nyuma hatua moja, akauweka mwiko katikati yetu.

"Halafu nikaelewa Kihispania," alisema. "Nikakuta kuna mutu hajachoka. Kwa sauti yako nimemujibu kama jiwe miezi sita, na yeye kila wiki mbingu yangu, kila wiki uhai wangu. Nikampenda pale. Ni wewe ulinifundisha kumupenda, Florent. Ungesoma yote, nisingemujua hata siku moja. Ningekusikia wewe tu."

Sambaza zilianza kuungua upande mmoja, akaziepua, akazipanga kwenye sahani kubwa, moja moja, bila haraka.

"Na sasa?" niliuliza. Sauti ilitoka ndogo, ya mtu anayeomba maji.

"Sasa ingia ndani, ufanye kazi yako."

"Fanya mwenyewe. Lugha unaijua."

"Binti hajisifu mbele ya baba yake. Unataka nikae pale niseme, papa, mimi ni murembo, mimi ni wa thamani? Watanicheka mpaka Bukavu. Sifa zangu lazima zipite kwa kinywa cha mutu mwingine, na hapa mwenye kinywa ni wewe."

"Bénita, usinifanyie hivi. Nakuomba."

"Nitakaa mbele yako. Kila neno nitakuwa nalijua. Ukipunguza hata moja, ninamwambia papa kila kitu, na shangazi yako atasikia, na Keshero yote itasikia." Akanyanyua sahani. "Na useme 'mimi'. Usiniletee habari ya 'anasema'."

Tuliingia. Mama Perpétue alimuuliza kama koo langu limepona, Bénita akajibu limepona kabisa. Hakurudi mkekani. Alikaa kwenye kiti kinachonitazama, simu katikati yetu.

Nilimwambia Heber kwa Kihispania arudie aliyoyasema, tangu mwanzo, na mzee sasa yuko tayari kusikia. Hakuuliza kwa nini. Akaanza upya, na safari hii alikuwa anatabasamu, maana lile mi vida bado lilikuwa masikioni mwake.

"Papa," nilisema, "mimi ninaomba binti yako." Kinywa changu kilikuwa kikavu kweli sasa. "Siku pampu ya Munigi ilipokataa, alikuja akanigombeza mbele ya watu wote, na mimi nilifurahi kugombezwa. Tangu siku ile sijamuona mwanamke mwingine. Ni jasiri. Ni mwaminifu. Ni mukaidi, na mimi ninaupenda ukaidi wake, ju mutu asiye mukaidi angekuwa ameniacha. Ni murembo mpaka ninasahau nilichotaka kusema. Ni mbingu yangu. Ni hazina yangu. Asubuhi ninaamka, kitu cha kwanza ninachouliza ni yeye ameamukaje."

Nilikuwa namtazama Bénita. Sharti la kazi, mkalimani anamtazama anayeambiwa, lakini anayeambiwa alikuwa Papa Bagalwa na sikuweza kugeuza shingo. Yeye macho yake yalikuwa kwenye simu. Hakuangalia mdomo wangu hata mara moja.

"Bénita ni uhai wangu," nilisema. "Nilikuwa muoga. Ningesema zamani, lakini nilikuwa muoga."

"Hilo hakusema," Bénita alisema, bado anaitazama simu.

Papa Bagalwa alinigeukia. "Amesema ao hakusema?"

"Nimekosea, papa. Hakusema. Ninalifuta."

"Endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho, sikupunguza kitu. Niliposema kwamba atamtunza mpaka mmoja wao amzike mwenzake, Mama Perpétue alichukua ncha ya kitenge akajipangusa macho. Papa Bagalwa aliweka vidole kwenye kidevu. Kisha akapiga goti lake kwa kiganja.

"Sasa hapo nimesikia mutu," alisema. "Mwambie nimekubali. Alete wazee wake, kama wako mbali alete barua, tutaongea mahari."

Nikamwambia Heber. Alisimama, kiti chake kikaanguka nyuma yake, mama yake akawa anacheka na kulia pamoja. Bénita aliweka mkono mdomoni. Sijawahi kumuona na uso ule, na namjua miaka sita.

Papa Bagalwa alinisogezea sahani ya sambaza kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, Florent. Mutoto wangu, sikujua kama uko na kinywa cha vile. Wewe nilikuwa nakuona na mashine yako tu. Ungekuja siku moja hapa nyumbani ukaomba binti kwa jina lako, ukasema vile ulivyosema leo, mimi ningekupa bila hata kukuuliza unakula nini."

"Aksanti, papa."

Heber aliona tunaongea, akainama kwenye simu. Akaniita hermano, ndugu yangu, akauliza mzee amesema nini.

Bénita alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu tuingie, na akangoja.

Nikamtafsiria Heber yote, neno kwa neno.